Picha Mlangoni

Aibu hii nilijitakia mwenyewe. Tangu nimzike mume wangu, kila Jumatatu nakwenda darasa la mjukuu wangu, hapa ughaibuni, Brooklyn Center, kuwasaidia watoto kukata karatasi. Juzi nilikuta mlangoni picha kubwa ya Neema, mtoto wa kanisani kwetu, imezungukwa na maua na barua za wenzake. Kwetu Bukavu picha hupambwa hivyo matangani. Mimi niliyemlilia mume wangu kimyakimya nikaangua kilio, nikamkumbatia mwalimu: “Pole! Jikaze, malaika wetu amepumzika!” Yeye, asiyejua Kiswahili, akanipigapiga mgongoni kunifariji. Ndipo mtu akanivuta kitenge. Alikuwa Neema, amevaa taji la karatasi, anacheka.

“Nyanya, sijakufa! Wiki hii mimi ndiye nyota wa darasa.”