Siku Beki Alipoanguka Nikiwa Hewani

Nimetangaza mpira redioni na kwenye televisheni tangu nikiwa kijana wa Keko hadi leo mvi zimenijaa. Watu wakinisimamisha njiani huniuliza habari za magoli. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni mchana mmoja Temeke ambao hakukuwa na goli lolote.

Nilikuwa natangaza redioni. Kipindi cha pili, beki wa kushoto wa wenyeji, kijana wa Mbagala, alianguka peke yake. Hakuguswa na mtu. Mpira ulikuwa mbali, jua linachoma, naye amelala kifudifudi bila kujitingisha. Wachezaji wakawaita watu wa huduma ya kwanza huku wengine wamejishika vichwa.

Mama yake nilimfahamu. Anauza samaki wa kukaanga sokoni Mbagala, na aliwahi kuniambia, "Kaka, mie uwanjani siendi, presha itaniua. Nakusikilizaga wewe tu." Nikajua muda ule yuko pale kwenye karai lake, redio pembeni.

Mchambuzi niliyeketi naye alifunika maikrofoni kwa kiganja, akanong'ona, "Braza, huyu kafa."

Nikatikisa kichwa. Nikasema hewani yale tu niliyoyaona: beki yuko chini, wamemfikia, wamemgeuza ubavu, wanammwagia maji. Kisha nikanyamaza. Redioni kimya ni mwiko, lakini sikuwa na neno lingine ambalo lisingekuwa uongo.

Walipoinua machela, mkono wake ukanyanyuka, akajifunika uso kukinga jua.

"Kainua mkono!" Nilipaza sauti ambayo hakuna goli lililowahi kunitoa. "Mama, mwanao kainua mkono!"

Jioni nikaenda hospitali. Kumbe alikuwa na malaria, akaificha asije akapoteza namba kikosini. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, bado ananukia samaki. Akanishika mikono yote miwili.

"Kaka yangu, uliponyamaza nilikaa chini hapohapo sokoni. Uliponiita, wenzangu ndio walioninyanyua."

Nikavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mchana, machozi yakanitoka bila aibu.

Kijana akafungua macho, dripu ikining'inia juu yake. "Shikamoo, mzee. Tumemaliza ngapi?"

"Marahaba. Bila kwa bila."

Akasonya. Mama yake akamchapa kikofi mguuni, tukacheka sote.