Karani wa Mtaa wa Kellner

Karani wa kuandikisha wanafunzi hulamba kidole gumba kabla ya kufungua faili lolote, kisha hutembeza kalamu juu ya ramani ya ukutani, taratibu, kama fundi anayetafuta mshono. Mtoto anayelala upande huu wa Mtaa wa Kellner husoma shule yenye maktaba. Anayelala ng'ambo husoma shule inayovuja. Denisha, mkazi wa ng'ambo, alimkabidhi kiapo cha maandishi kwamba yeye na mwanawe wanaishi kwa dada yake, upande huu.

"Mama, nyumba hiyo naijua. Mwaka huu nimeshaiandikia watoto saba."

Denisha akanyoosha mkono kukichukua kiapo chake.

Karani akalamba kidole, akagonga muhuri.

"Mkaguzi akimuuliza mwanao, mlango ni wa kijani. Mtoto wa jana alisema mwekundu, wakamrudisha ng'ambo."