Kompyuta Iliyomkumbuka Kila Mtu

Nilipofungua kafe ya intaneti pale Njoro, miaka ile Moshi ilipoanza kuijua barua pepe, wateja wangu wengi walikuwa akina mama waliotelemka kutoka mlimani siku za soko. Wakishauza ndizi walikuja kuwaandikia watoto wao walioko mbali. Neno la siri ndilo lililowatesa. Walilisahau, au walilikosea herufi, mashine ikawakataa, nao wakaondoka wameinama kama waliofukuzwa shule.

Niliwahurumia. Kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, kilikuwa kinauliza kama kiyahifadhi maneno yao ya siri, nami nikakubali kwa kila mmoja. Kila mama nikampa mashine yake. Anaketi, anabonyeza mara moja, barua za mwanawe hizo hapo.

Fundi aliyenifungia mashine alishtuka. "Mzee, umewaachia watu milango wazi."

"Kihamba, shamba letu la migomba, kinazungushiwa masale tu," nikamjibu. "Ni majani yale, hata mbuzi anapita. Umeshaona mtu akivuka mpaka wa mwenzake?"

"Masale yanaonekana, mzee. Humu ndani mtu atajuaje pa kuishia?"

Nilimcheka, nikamwambia anywe soda yake.

Mama mmoja wa Kibosho alitumia mashine ya dirishani. Binti yake alikuwa amemkimbia mume aliyemvunja mkono, akajificha Tanga. Aliyejua alipo ni mama yake tu, pamoja na mimi niliyemsomea barua, maana macho yake yalikuwa dhaifu.

Alasiri moja aliingia mwanamume nadhifu wa shati jeupe, nisiyemfahamu, akaomba kusoma habari za mpira. Nikamwonyesha mashine ya dirishani, nikarudi kuhangaika na printa iliyokwama. Alipomaliza alisimama mlangoni akitabasamu.

"Asante, mzee. Sikujua kama mama mkwe naye siku hizi anaandika kwa kompyuta."

Akaenda zake.

Niliketi kwenye kiti chake, bado kina joto. Barua ya binti ilikuwa wazi kwenye kioo: mtaa, duka la vitambaa anakoshonea, hata rangi ya geti. Nikaandika humo humo, kwa jina la mama yake: Ondoka hapo leo, mumeo amejua. Nikatuma. Ndipo nilipokumbuka kwamba binti hufungua barua Jumamosi tu, akishatoka kazini. Jumamosi ilikuwa mbali, na basi la Tanga liliondoka kila alfajiri.

Niliwatoa wateja, nikafunga, nikapanda Kibosho. Kila shati jeupe barabarani nililiona ni lake. Mama nilimkuta akiwakatia ng'ombe majani. Nikamweleza yote, na kwamba kosa ni langu.

"Amesoma mtaa?" akauliza.

"Amesoma."

Hakupiga kelele. "Parokiani kuna simu," alisema, akatangulia mbio, miguu mitupu.

Padre alipiga simu kwenye parokia moja ya Tanga. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi yake, tukingoja wa Tanga watupigie. Mama aliishika rozari bila kuisali. Mimi nilisikia simu ikilia hata ilipokuwa kimya. Giza lilikuwa linaanza kuingia padre alipotoka. Masista wa parokia ile walikuwa wamemkuta dukani, wamemchukua, na wangemhamishia mji mwingine.

Kesho yake nilifuta maneno yote ya siri. Akina mama walirudi kulia mbele ya mashine, nami nikawa naketi na kila mmoja hadi alikumbuke lake. Yule wa Kibosho hakuja tena. Siku nyingi baadaye nilimkuta sokoni, nikamuuliza habari za binti.

"Mzima."

"Siku hizi yuko wapi?"

Alinitazama kidogo, akaendelea kupanga ndizi zake.

"Masista waliniuliza kama nataka kuambiwa. Nikakataa. Nikijua, baba, ipo siku nitamwambia mtu mwema kama wewe."