Magunia Mawili ya Moshi

Ofisi nzima ya maji ilimwita mkaguzi wa ndani Bi Harufu, naye hakulikataa jina, maana kweli vitu vilimnukia kabla havijaoza. Mwaka wa sita huo alikuwa kwenye mkataba wa muda, unaohuishwa kila Juni kwa kubembelezana. Sasa meneja alikuwa na barua yake ya ajira ya kudumu mezani. Ilibaki sahihi tu.

"Andika kwenye ripoti yako kuwa udhibiti wetu wa ndani unaaminika, mwanangu," meneja alimwambia. "Neno moja hilo. Wino wenyewe wa ofisi."

Bi Harufu akataka kuona kwanza. Alijaza hati ya malipo ya kununua moshi, magunia mawili, kwa matumizi ya ofisi. Kwa utaratibu, hati ilipaswa kupita kwa watu watatu, kila mmoja akimtilia shaka aliyemtangulia: mkuu wa stoo athibitishe kuwa mzigo umefika, mhasibu mkuu aidhinishe, kisha ukaguzi ugonge muhuri. Akaichomeka katikati ya hati nyingine, akamnong'oneza mtunza fedha asiilipe ikimfikia, akaenda zake kukagua tawi. Aliporudi Alhamisi, mtunza fedha alikuwa anamsubiri mlangoni, kabana kicheko.

"Shemeji, moshi wako umeiva. Umebaki kulipwa tu."

Akaichukua hati, akaanzia stoo. Mkuu wa stoo alikuwa amevua viatu, na hewa ya mle ndani ilikuwa ya kukatwa kwa kisu.

"Mzee wangu, huu mzigo uliupokea?"

Mzee akaisogeza karatasi mbali na macho, akaona sahihi yake. "Nimepokea. Uko kule nyuma."

"Magunia yote mawili?"

"Moja lilivuja kidogo."

Kwa mhasibu mkuu alikuta kazi inaendelea: jamaa analamba kidole gumba, anafunua hati, anatia sahihi, analamba tena. Kona za karatasi zote zilikuwa zimelowa. Bi Harufu akaishika hati yake kwa ncha za vidole.

"Hivi huwa unazisoma, kaka?"

"Nikishaona sahihi ya stoo natia yangu. Mtu mzima yule, nimfanye mwongo?"

Alikuwa ameshaanza kuipanga ripoti kichwani, kwa maneno ya kuchubua ngozi, alipoigeuza ile hati. Nyuma kulikuwa na muhuri wa buluu, umenyooka, haukosi hata herufi: IMEKAGULIWA. Muhuri huo ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa kwenye droo yake mwenyewe.

Akamwendea katibu muhtasi, ambaye wala hakushtuka.

"Si ulinipa ufunguo wa pili wa droo, dada, ulipokwenda kumuuguza mama mwaka juzi? Hukuudai tena. Nikaona nikupunguzie mzigo. Kila Jumatano nagonga."

"Unagonga zipi?"

"Zote. Mpaka wino ukate."

Bi Harufu alikwenda msalani akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Miaka miwili alikuwa akigonga chache zilizompitia mezani, nyingine akidhani hazijaletwa. Miaka miwili akiwakunjia pua wenzake, kumbe uvundo anatembea nao.

Meneja alikuwa ameshapata habari. Alikuwa anachokonoa sikio kwa mfuniko wa kalamu, kisha akampa kalamu hiyohiyo.

"Tuuite utani, yaishe. Muhuri ni wako, mwanangu. Ukiandika hauaminiki, wa kwanza kuungua ni wewe."

Bi Harufu akaitazama ile kalamu, akatoa ya kwake mkobani. Akaandika amesimama, mstari wa kwanza kabisa: *Udhibiti wa ndani hauaminiki. Ufunguo wa muhuri wa ukaguzi niliuacha mimi, sikuufuatilia kwa miaka miwili.* Chini yake akaendelea na mhasibu, halafu stoo, na gunia lililovuja hakulisahau.

Meneja alisoma mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile barua ya ajira, akaitupia ndani ya droo na kuisukuma kwa goti. Bi Harufu, kwa mazoea, akaangalia: hata hiyo haikuwa na kufuli.