Mashine ya mama ya kusaga mihogo ilivyonusurika kukatwa umeme wa jua, hapa Sange

Wakuu, salamu kutoka Sange, njia ya Uvira. Minye huwa nasoma tu na kupita, kuandika naogopa. Ila hii imetokea kwetu nyumbani na sitatia chumvi.

Kartiye yetu, mtaa mzima, inatumia umeme wa jua: paneli, betri, nyumba zote kwenye line moja. Mashine ya mama iko hapohapo.

Tatizo lilikuwa jioni. Wamama wanatoka shamba, wanataka unga wa bugali, mashine inanguruma. Wakati huohuo kila nyumba inawasha taa na televisheni. Siku ya mawingu betri hazikujaa, basi kartiye nzima giza.

Lawama zote kwetu. Papa Jonas, fundi wa mtambo, akamwambia mama wazi: ikiendelea hivi ataikata mashine. Na sisi tunakula kwa hiyo mashine.

Nilikuwa vakansi, shule imefungwa, nashinda pale. Nikaona mchana jua likitoka betri zinajaa, umeme unakosa wa kuutumia, mashine imelala.

Nikamuuliza Papa Jonas, tukisaga mchana je? Akasema mtambo utafurahi, tabu ni wamama.

Kweli. Kwetu hakuna anayeacha mihogo yake mashineni akaenda. Anasimama mpaka aone unga wake, asipewe wa mwingine.

Kartiye ikakutana. Nikainuka, nikasema wamama waache mabeseni asubuhi, kila moja limefungwa kitambaa cha mwenyewe, tusage mchana, jioni wapitie unga.

Mama Nyota, jirani aliyetulalamikia kuliko wote, akaniangalia.

"Weye binti, bwana yangu akisema bugali iko na ladha ya mihogo ya jirani, nitamujibu nini?"

Watu wakacheka.

"Umulete kwangu, mama. Minye nitakuwa nimesimama pale."

"Weye hata salamu unasemaka chini-chini."

"Kusimama haiombake sauti, mama."

Kesho yake beseni la kwanza lilikuwa la kwake, limekazwa mafundo. Jioni akafungua, akaonja unga kwa kidole, akafunga, akaenda. Wengine walikuwa wanamwangalia yeye tu. Wakaanza kuleta.

Sasa taa zinawaka hata siku ya mawingu, na habari ya kukata imekufa.

Nilichojifunza: umeme wa jua hautaki betri tu, unataka watu wabadilishe saa zao. Na hawabadilishi kama hawakuamini.

Ninyi wenye line za jua au upepo, kazi nzito mnafanya saa ngapi? Wenzenu mliwashawishije? Nitasoma yote, hata nikichelewa kujibu.

Masomo yamerudi, kwa hiyo nafasi yangu mashineni ameichukua Mama Nyota. Hakuna fundo linalofunguliwa bila macho yake.