Gunia la Chumvi Ndani ya Tangi

Miezi ile ya vita, sisi wa Baraka tulikula sombe ya muhogo bila chumvi. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, mitumbwi ya Swima iliogopa kuvuka ziwa kwenda Kigoma, na aliyepata kijiko kimoja sokoni alikificha hata kwa jirani yake. Sombe isiyo na chumvi, jamani, ni majani tu.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu asiyelipwa. Basi enjenia wa maji alipotafuta mtu wa kumsomea namba, nikakubali mbio. Alitoka Ulaya na kompyuta, na ndani yake alikuwa amelichora tangi letu jipya. Ulikuwa unaona maji yanaingia, yanazunguka pembeni, yanatoka, mekundu huku, ya buluu kule. Alitaka kujua kama yanakaa ndani muda wa kutosha ili klori iue kipindupindu kabla hayajafika kwenye robine za mabomba yetu. Swali zuri, sikatai, maana kipindupindu kilikuwa kinatumaliza. Lakini kompyuta inakisia tu. Ili kuihakikisha, ilibidi amwage chumvi pale maji yanapoingilia, nami nikae kwenye robine na kipimo cha chumvi alichonipa, niandike jinsi chumvi inavyofika.

Chumvi! Gunia zima!

Siku ya jaribio, binti yangu aliamka anaharisha maji matupu. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa na askari, serumu ya kumtundikia hakuna. Muuguzi akaniambia, "Mama, changanya maji na sukari na chumvi, umunyweshe bila kuacha. Bila chumvi haitamusaidia." Sukari nilikuwa nayo. Nikamwachia mama yangu mtoto, nikakimbia kwenye tangi.

Enjenia alikuwa ameshayeyusha gunia lote kwenye pipa. Nikamweleza habari ya mtoto, nikamwomba chupa moja tu ya yale maji ya chumvi. Akanipa pole, kweli alinipa. Lakini akasema kompyuta imeshaambiwa uzito wote, ukipungua kidogo tu jaribio limekufa, na chumvi aliyonayo ni hiyo tu, hakuna nyingine. Nikapiga magoti mbele ya watu wote, mimi mwalimu wa watoto wao. Akamwaga.

Hapo waliokuwa wanatazama wakapiga kelele: "Iko chumvi mu maji!" Bamama wakaja na sufuria, na bidoni, na mabeseni, wakafungua robine zote mpaka mwisho. Mama yangu naye, alipopata habari, akambeba mtoto mgongoni akaja. Akaonja, akatema. "Chumvi yenyewe iko wapi?" Ilikuwa imepotea ndani ya maji mengi. Kipimo changu kiliiona, ulimi wa mama haukuiona.

Nikatupa kalamu. Tukabeba yale maji nyumbani, tukayabandika motoni yakauke, chumvi ibaki chini. Kuni zilikuwa mbichi. Mama anapuliza moto huku anakohoa, mimi namnywesha mtoto maji ya sukari, naye anayatapika. Sufuria ilikuwa bado nusu mtoto alipoacha kulia. Nilimlaani yule mwanaume kwa sauti, majirani wote wakasikia. Bado namlaani.

Tulipotoka kuzika, enjenia akaja uani kwetu. Akavua kofia, akatoa pole tena. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza nitarudi kazini lini. Ati watu walifungua robine kupita kiasi, namba zote zimeharibika, kompyuta bado haijahakikishwa, itabidi kurudia.

"Kurudia na chumvi gani?" nikamwuliza.

Shofa wake, aliyekuwa ameegemea gari na hakujua lolote, ndiye aliyenijibu, tena kwa heshima.

"Iko gunia ingine huku nyuma, Mama. Zilikuya zote mbili pamoja."