Mashine Yangu Haina Mke Mdogo

Ukitaka kuzikwa vizuri Homa Bay, unapitia kwangu. Padri atakuombea na jeneza litakubeba, lakini kitabu cha mazishi, kile chenye picha yako ukiwa bado na meno, nakitengeneza mimi. Hakuna anayenifikia kutoka hapa hadi mpaka wa Tanzania. Nasema hivyo kwa unyenyekevu.

Shule niliiacha darasa la saba, ama iliniacha yenyewe, inategemea unamuuliza nani. Nilianzia Migori na mashine ya taipu, kwenye baraza la Mwislamu mmoja aliyeuza vitambaa. Kompyuta nilijifundisha kwa kubonyeza kila kitu mpaka kitu kiharibike, halafu nakitengeneza. Ndivyo nilivyozijua staili, zile amri za kuyapa maneno sura. Jirani zangu wa biashara, wenye vyeti ukutani, bado wanavuta kipanya mstari kwa mstari: huu unenepe, huu ulale, huu ukae katikati. Wenye marehemu wakibadilisha nia, hao wanaanza upya. Poleni sana.

Mimi naiambia mashine mara moja tu. Kuna aya ya Kichwa, ya Mke, ya Mtoto, ya Mjukuu, na kila moja ina staili yake. Nikitaka maneno ya wajukuu yapungue, nagusa Mjukuu mahali pamoja, na wajukuu wote, hata wakiwa kijiji kizima, wanapungua bila kelele. Nikiandika jina la mtoto na kupiga enta, mstari unaofuata unajua wenyewe kwamba sasa anaanza kuongea, unajipanga. Watoto wa kweli wangekuwa hivyo, mazishi yetu yangeisha mapema.

Basi akaja injinia mmoja kutoka Nairobi. Baba yake, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa amefariki na kuacha maboma mawili: mke wa kwanza Kosele, wa pili Rodi Kopany. Injinia ni wa boma la kwanza. Alikuja na mama yake, akamkalisha kwenye benchi karibu na mlango, yeye akaja kukaa begani kwangu kama inzi.

Mke wa pili alikuwa amenitumia maneno yake kwa simu, mafupi, na ombi moja. "Fundi, sitaki makubwa. Nisiandikwe tu kama mgeni." Nilimwelewa. Kwetu kitabu hicho kinawekwa kabatini. Siku ya kugawa shamba kinatolewa, na wewe uliyeandikwa nyuma pamoja na majirani, utaanza kueleza ulikuwa nani.

"Boss, huyu wa pili mpunguze," injinia akasema. "Maneno yake yawe madogo, yalale."

"Madogo kiasi gani?"

"Asome mwenye miwani."

"Injinia, mashine yangu haina mke mdogo. Ina Mke. Ukigusa Mke..."

"Usinifundishe kompyuta, mzee! Hizi vitu mimi nimesomea. Punguza."

Msomi ameongea, mimi wa darasa la saba ni nani? Nikafungua staili ya Mke, nikaipunguza, nikailaza. Mbele yetu kwenye kioo cha kompyuta mke wa pili akasinyaa vizuri sana, na injinia akatikisa kichwa kwa furaha. Ukurasa wa mama yake ulikuwa juu, nje ya kioo. Je, naweza kumpunguza mtu mmoja peke yake? Hata nikisinzia. Lakini injinia hakuuliza, na mimi sipendi kumsumbua mtu aliyesoma.

Nikachapa nakala ya kukagua, nikampa mama. Akavaa miwani, akaigeuza karatasi ipate mwanga wa mlangoni, akasoma.

"Wuoda, mwanangu," akamwita.

"Ee, Mama."

"Nimekosea nini?"

"Wewe? Hakuna."

"Sasa mbona nimeandikwa kama maagizo ya dawa ya panya?"

Injinia akanyakua karatasi, akaniangalia. "Mzee, umefanya nini?"

"Ulichosema, bwana. Mke apunguzwe. Nimepunguza Mke."

"Nani alisema mke apunguzwe?" mama akauliza.

Injinia akakumbuka ghafla kwamba simu yake inahitaji kuangaliwa. "Ni yule wa Rodi, Mama. Si wewe. Nilikuwa nakutetea..."

"Yule ni nyieka wangu. Mke mwenzangu. Nimegombana naye tangu hujazaliwa. Nimemtukana mbele ya baba yako na nyuma yake, na amenirudishia yote. Nani alikwambia nimechoka, nahitaji msaidizi?"

Nilicheka, nikageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Ng'ombe za kumwoa zilitoka boma langu," mama akaendelea. "Nilizifungulia mimi kwa mkono huu. Ukimfanya mgeni, ng'ombe zangu zilienda kufanya nini, kutembea? Fundi, turudishe."

"Ukubwa gani, Mama?"

"Wa mtu kusoma akiwa analia."

Nikagusa Mke mara moja, na wajane wote wawili wakasimama wima, wakubwa sawasawa, mmoja baada ya mwingine. Salamu za chama cha wauza mahindi zikasukumwa hadi ukurasa unaofuata bila kumwomba mtu ruhusa. Injinia alitaka kusema kitu. Mama akamtazama, mwanawe akakimeza.

Siku ya mazishi nilienda Kosele mwenyewe, kuona kazi yangu ikishikwa mikononi. Watu walimsifu padri. Padri! Mke wa pili aliitwa kwa jina na cheo chake, akasimama, akafungua kitabu. Alisoma haraka, akiwa na haya, huku mke wa kwanza kwenye kiti cha kando akimfuata kwa kidole katika nakala yake. Karibu na mwisho mama akainua mkono.

"Rudi nyuma," akamwambia, umati wote ukisikia. "Umeruka pale ulipoandika juu yangu."